Kozi yako ya bure ya programu inakwama wapi? Dalili, sababu na tiba

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeendesha kozi ya bure ya mtandaoni kwa wanaojifunza kuandika programu, au kwa waandishi wa programu wanaotaka kupanda daraja. Nafundisha kutoka Unguja, wanafunzi wangu wako Chake, Wete, Makunduchi na kwengineko, na malalamiko yanayonifikia kutoka kwa waalimu wenzangu ni yale yale kila msimu. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana inakuja mwanzo, na uchunguzi mwepesi unatangulia ule wa kubomoa na kujenga upya.

Kabla ya yote, kaa na mwanafunzi mmoja. Usibadilishe hata somo moja kabla hujakaa ubavuni mwake kwa nusu saa, akiwa na kifaa chake na bando lake, ukamtazama anavyohangaika bila ya kumsaidia. Ni vigumu, mkono unawasha kutaka kumuelekeza. Vumilia. Takwimu za jukwaa (tovuti inayobeba kozi yako) zitakuonesha watu wanaishia wapi, hazitakuambia kilichowatoa.

Dalili ya 1: Wamejisajili wengi, walioanza wanahesabika

Hakikisha kwanza kwamba kweli pana ugonjwa. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungulia dunia kozi yao ya akili mnemba kutoka Chuo Kikuu cha Stanford. Walijisajili watu wapatao 160,000, wakamaliza elfu ishirini na kitu. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa miaka kadhaa ya kozi za Harvard na MIT kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni: zaidi ya nusu ya waliojisajili hawakuwahi kuingia ndani ya kozi hata mara moja, na mwaka wa masomo wa 2017–18 waliomaliza walikuwa kama asilimia 3 ya washiriki wote. Lakini ukiwatazama waliolipia cheti peke yao, asilimia inaruka mpaka 46. Kozi ni zile zile. Kilichobadilika ni unachogawia.

Kwa hiyo uchunguzi wa mwanzo ni wa karatasi na kalamu. Andika namba tatu: waliojisajili, waliowasilisha zoezi la kwanza, waliomaliza. Tuseme ni 200, 60 na 30. Ukigawa kwa 200 umepata asilimia 15 na unaona aibu. Ukigawa kwa 60, nusu nzima ya walioanza wamefika mwisho, na hiyo ni kozi nzuri yenye mlango mbaya. Tiba ya mlango haifanani na tiba ya masomo, na watu wengi wanakosea hapa: wanarekodi video upya wakati watu hawakufika hata kuziona.

Mlango ukiwa ndio tatizo, sababu ya kwanza kabisa ni kungoja. Mtu amejisajili Jumatatu akiwa na hamu, kozi inaanza baada ya wiki tatu, hamu imeshapoa. Mpe kitu cha kufanya siku ile ile, kidogo, kisichohitaji kupakua chochote, kinachomalizika kwa dakika kumi.

Ya pili ni barua pepe. Wengi wetu tulifunguliwa barua pepe na kijana wa duka siku tuliponunua simu, nywila hatuijui na hatujawahi kuingia tena. Ukituma kiungo cha uthibitisho huko, umekitupa baharini. Chukua simu ya zamani na laini mpya, ujisajili mwenyewe kama mgeni, uone unakwama wapi. Ikiwezekana, thibitisha kwa ujumbe wa simu.

Ya tatu si kosa: kuna watu walitaka kuchungulia tu. Wape ruhusa ya kuchungulia bila ya kujisajili, na namba zako zitasafika zenyewe.

Dalili ya 2: Wanaanza vizuri, wiki ya pili wanapotea

Hii ndiyo inayonifikia zaidi ya zote, na ndiyo inayoumiza, kwa sababu waliopotea hapa walikuwa na nia.

Sababu ya kwanza ni kifaa. Mwalimu ameandaa somo kwenye laptopu, mwanafunzi anasoma kwenye simu. Niliwahi kukaa na kijana mmoja Chake, nje ya duka la mjomba wake. Somo linamtaka aandike mstari mmoja tu wa Python, lugha ya kuandikia programu:

`print("Karibu Pemba")`

Ameandika, amehakiki herufi kwa herufi, kosa linarudi. Amefuta, ameandika tena. Mara ya nne akanigeukia na kuniambia, "Maalim, labda kitu hiki si changu mimi." Nikaomba simu. Kibodi yake ilikuwa inageuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, kama zile za vitabuni: `print(“Karibu Pemba”)`. Kwa jicho la binadamu ni kitu kimoja. Kwa Python ni herufi ngeni, na ujumbe wa kosa ukaitaja kwa namba yake, U+201C, ambayo kijana yule hakuwa na njia ya kujua maana yake. Mara nyengine kibodi inaanzisha mstari kwa herufi kubwa, `Print`, na Python inasema haijui jina hilo. Alikuwa hana kosa hata moja la kufikiri. Somo ndilo lililokuwa halijui kwamba dunia ina simu.

Tiba nyepesi: somo la kwanza lieleze jinsi ya kuzima urekebishaji wa maandishi na herufi kubwa za moja kwa moja, kwa picha za skrini ya simu za bei nafuu. Tiba ya ndani zaidi: mazoezi ya wiki mbili za mwanzo yasihitaji kuandika sana. Kuna aina ya zoezi waliloliandikia Dale Parsons na Patricia Haden mwaka 2006, ambapo mwanafunzi anapewa mistari ya msimbo (maandishi ya programu) iliyochanganywa na kazi yake ni kuipanga kwa mfuatano sahihi. Kwenye simu inafaa mno, kidole kinaburuta mstari, akili inafanya kazi ya programu, kibodi haiingilii.

Sababu ya pili ni bando, na hapa piga hesabu kabla ya kulaumu uvivu. Video ya dakika 10 inayopita kwa megabiti moja na nusu kwa sekunde inakula karibu MB 112. Ukiwa na video sita kwa wiki umemaliza zaidi ya nusu GB ya mtu ambaye bando hilo hilo ndilo la WhatsApp ya nyumba nzima. Rekodi ya skrini, ambayo haina mtikisiko mwingi, inaweza kubanwa mpaka megabiti 0.4 na maandishi yakasomeka ukikuza herufi, hapo umeshuka mpaka MB 30. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 ni MB 5 hivi. Ukurasa wa maandishi na msimbo ni kiasi cha picha moja ndogo. Weka ukubwa wa faili pembeni ya kila somo, waziwazi, kama bei dukani. Na toa njia ya kusoma bila ya mtandao: Kolibri, jukwaa la bure linalotolewa na Learning Equality, limetengenezwa kwa ajili hiyo, unaliweka kwenye kompyuta moja ya skuli na simu zilizomo chumbani zinasoma kutoka hapo bila ya kugusa bando.

Umeme nauweka kwenye kapu hilo hilo. Waliokuwepo Unguja kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu bila ya umeme wa gridi baada ya njia ya chini ya bahari kuharibika. Sasa hali si ile, lakini umeme ukikatika saa moja katikati ya jaribio na jukwaa halikuhifadhi majibu, umempoteza mtu. Jaribu mwenyewe: anza jaribio, zima data katikati, washa baada ya dakika ishirini. Majibu yapo?

Sababu ya tatu ni kalenda. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haikufai mwaka huu. Mwezi ule watu hawaachi kusoma, wanahamisha muda: baada ya tarawehe kundi la WhatsApp linachangamka kuliko mchana wote. Pemba ukiingia msimu wa karafuu, mchana ni kuchuma na jioni familia imekaa kitako kuchambua, na mwanafunzi wako yumo. Usimfungie mlango kwa wiki mbili za ukimya. Acha nafasi kwenye ratiba, uitangaze tokea siku ya kwanza.

Ya nne, ambayo waalimu wengi huianza wakati inatokea mara chache kuliko hizo tatu, ni kwamba somo limeruka. Wiki ya kwanza kuchapisha jina, wiki ya pili vitendakazi (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) na orodha kwa pamoja. Tafuta zoezi ambalo walioliona ni wengi na waliolimaliza ni wachache kwa ghafla. Kabla yake weka mifano miwili iliyotatuliwa hatua kwa hatua, kisha wa tatu wenye hatua moja iliyoachwa wazi, kisha wa nne mtupu. Sweller na Cooper walionesha kwenye hesabu mwaka 1985 kwamba anayeanza hujifunza vyema kwa kusoma majibu yaliyofanyiwa kazi kuliko kutupwa kwenye maswali moja kwa moja, na kwenye programu nimeona vivyo hivyo kwa macho yangu.

*Simama hapa:* ukigundua kwamba wanaopotea ni wanawake peke yao, usibuni sababu na usianze kuuliza hadharani kwenye kundi. Mara nyingi mtu fulani amewatumia ujumbe wa faragha baada ya kupata namba zao humo humo kundini. Ficha namba mara moja, mpe mwanamke unayemuamini azungumze nao, na likifika kwenye vitisho au kudaiwa picha, hilo si la mwalimu tena. Hifadhi ushahidi bila ya kuusambaza, na mlipeleke polisi kwa ridhaa yake.

Dalili ya 3: Video hazitazamwi

Huenda zinatazamwa. Hapa kwetu mtu mmoja anapakua, kisha faili linatembea kwa Bluetooth na kadi ya simu, na barazani watu watano wanatazama skrini moja. Jukwaa limehesabu mtu mmoja. Usiamini namba za video mpaka uwe umeuliza swali moja jepesi: "Somo la nne umelitazama wapi, na pamoja na nani?"

Kama kweli hazitazamwi, sababu ya kawaida ni urefu. Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua mwaka 2014 vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video za edX, wakaona watazamaji wanashikika kwa muda usiozidi dakika 6, video iwe ndefu kiasi gani. Kata. Salamu, historia yako na muziki wa mwanzo, ondoa vyote, ingia kwenye msimbo.

Dalili ya 4: Wote wanapata 100, hakuna anayeweza kuandika peke yake

Hii ni hatari kwa sababu inaonekana kama afya. Ripoti inapendeza, mfadhili anafurahi, na mwanafunzi akiitwa kwenye kazi ya siku mbili ya kutengeneza fomu ya wageni wa hoteli, anashindwa kuanza.

Sababu inayotangulia ni kwamba jaribio lako linapima kumbukumbu. Umeuliza "Kitanzi ni nini?" ukatoa majibu manne. Mtu anaweza kukujibu sawasawa na asiweze kuandika kitanzi, yaani msimbo unaojirudia, hata kimoja. Uchunguzi mwepesi: chukua somo walilofaulu wote, ubadilishe mavazi yake. Kama umefundisha kwa mfano wa nauli za daladala, waulize karafuu: gunia hizi ni daraja la kwanza, hizi la pili, hizi la tatu, kila daraja lina bei yake kwa kilo, jumla ni kiasi gani? Anayeelewa atakuwa na kazi ya dakika kumi na tano. Aliyekariri atakuuliza, "Maalim, hili tulisoma wapi?"

Jukwaa la Moodle lina ripoti ya takwimu za jaribio inayokupa, kwa kila swali, namba mbili za thamani: swali ni jepesi kiasi gani, na linatenganisha kiasi gani kati ya wanaofanya vizuri kwa jumla na wasiofanya. Swali ambalo wote wanalipata halikufundishi kitu. Swali ambalo wazuri wanalikosa na wadhaifu wanalipata lina kasoro ndani yake, mara nyingi jibu ulilolitia alama ya sahihi silo. Anza na hayo.

Sababu ya pili: majibu yanazunguka. Kuna kundi la pembeni ambalo wewe humo, na hilo ni jambo la kibinadamu, watu wanasaidiana. Usipigane nalo. Gawa maswali kwa namba tofauti kwa kila mtu, na sehemu ya alama iwe ni ya kueleza: rekodi ya sauti ya dakika mbili, mwanafunzi anasema kwa Kiswahili chake msimbo wake unafanya nini mstari kwa mstari. Tokea mwisho wa 2022 ilipotoka ChatGPT, msimbo unaofanya kazi si ushahidi tena kwamba mwenye jina amejifunza. Maelezo ya mdomo bado yanaonesha mengi. Nasikiliza rekodi hizo nikiwa kwenye foleni ya boti, na ndani ya sekunde thelathini najua.

Sababu ya tatu ni lugha, na hii naiwekea uzito kuliko wengi. Mwanafunzi amesoma somo la Kiingereza, ameelewa nusu, ameziba nusu kwa kunakili. Hatuwezi kukikimbia Kiingereza, kwa sababu maneno ya Python yenyewe, nyaraka na ujumbe wa makosa viko humo, na mwandishi wa programu asiyeweza kusoma ujumbe wa kosa hana kazi. Lakini kufikiri ni jambo jengine. Eleza wazo kwa Kiswahili, msimbo uache kama ulivyo, na kila ujumbe wa kosa unaotokea sana uufasiri mara moja kwa utulivu: unasema nini, unaelekeza mstari gani, mara nyingi sababu yake nini. Chagua neno moja kwa kila dhana, ulishike mpaka mwisho. Ukianza na "kigeu" kwa jina linalobeba thamani, usihamie "variabo" somo la tano. Mimi napenda "kitanzi", mtu aliyekulia pwani anakiona kamba inazunguka na kurudi hapo hapo kabla hujamaliza kueleza.

Ya mwisho ni kusahau. Ebbinghaus aliandika mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka siku za mwanzo, na Roediger na Karpicke walionesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, waliojaribiwa wanakumbuka zaidi ya waliosoma tena na tena. Kila jaribio liwe na maswali mawili ya wiki zilizopita. Haligharimu kitu.

*Simama hapa:* ukitaka jukwaa lijaribu msimbo wa wanafunzi lenyewe, usiuendeshe kwenye seva (kompyuta inayoendesha jukwaa) ile ile yenye majina na alama zao. Msimbo wa mtu usiyemjua unaweza kufuta mafaili, kusoma siri, au kuligeuza seva lako mtambo wa kuchimba sarafu za mtandaoni. Unahitaji mazingira yaliyofungwa, yenye mpaka wa muda na wa kumbukumbu ya kompyuta, bila ya njia ya kutoka nje. Kama sentensi hiyo hujawahi kuitekeleza kwa mikono yako, tafuta mtu wa usalama wa mifumo kabla ya kuwasha.

Dalili ya 5: Kazi zinachelewa kwa mkupuo

Tazama saa. Seva nyingi zimewekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa 3 mbele. Mwisho wa kuwasilisha ukiandikwa 23:59 kwa saa ya seva, kwetu ni saa nane na dakika 59 za usiku, siku ya pili. Na ukiandika "saa 11:59" bila ya kusema kitu chengine, kuna atakayesoma kama tunavyosema sote, yaani jioni karibu na Magharibi.

Kuna mtego mwengine ambao jukwaa la kigeni haliwezi kuujua. "Usiku wa Ijumaa" kwa watu wengi hapa ni Alkhamisi baada ya jua kuzama. Andika: "Alkhamisi, saa 3:00 usiku, usiku wa kuamkia Ijumaa." Ni ndefu, lakini haitabishaniwa.

Dalili ya 6: Maoni ya mwisho ni sifa tupu

Anayejaza fomu ya mwisho ni aliyefika mwisho. Waliokwama wiki ya pili hawapo kukuambia. Hiyo ndiyo sababu kubwa, na tiba yake ni kuwafuata waliotoka, watu watano tu, kwa simu, si kwa fomu.

Sababu inayofuata ni adabu. Mwanafunzi wetu hamwambii maalim usoni kwamba somo lake halieleweki, na fomu yenye jina lake ni uso. Hata ukiondoa jina, swali "Je, umeridhika?" jibu lake ni "Alhamdulillahi, nimeridhika, Allah akulipe." Badilisha swali: "Ni sehemu gani ulirudia zaidi ya mara mbili?" "Ndugu yako akianza kesho, utamwambia aruke nini?" Hapo mtu anamsaidia ndugu yake, hakosoi mwalimu, na ukweli unatoka bila ya kumvunjia mtu heshima. Donald Kirkpatrick aliigawa tathmini ya mafunzo mwaka 1959 katika ngazi nne: walivyoipokea, walichojifunza, wanavyofanya kazi sasa, na matokeo yaliyopatikana. Fomu ya kuridhika ni ngazi ya kwanza tu. Wengi wetu tunasimama hapo na kuandika ripoti.

*Simama hapa:* fomu zako zikianza kukusanya namba za vitambulisho, kipato, au habari za watoto chini ya miaka 18, acha kukusanya mpaka umezungumza na mwanasheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023, na namna inavyokugusa wewe uliyepo Zanzibar ni swali la mwanasheria. Na usihifadhi orodha hiyo kwenye faili la pamoja ambalo kila msaidizi ana kiungo chake.

Dalili ya 7: Wamemaliza, maisha yako pale pale

Uchunguzi mwepesi: ulimpima kabla? Bila ya jaribio la mwanzo huwezi kujua umeongeza nini. Nimeona kozi iliyosifiwa kwa waliofaulu, kumbe waliofaulu walikuja wakiwa wanajua, ni vijana waliokwishasoma kompyuta chuoni, na wale ambao kozi ilitengenezwa kwa ajili yao walitoka mapema. Mpe kila mtu zoezi moja siku ya kwanza na zoezi jengine la uzito ule ule siku ya mwisho. Lisiwe lile lile, maana atakuwa amelikumbuka.

Namba zako ni ndogo, ziheshimu. Ukiwa na watu 12, mmoja akibadilika asilimia inaruka zaidi ya 8. Sema "tisa kati ya 12", usiseme "asilimia 75". Na kwa muda waliotumia, usichukue wastani, kwa sababu mmoja aliyeacha ukurasa wazi usiku kucha atakuharibia. Wapange kutoka mdogo hadi mkubwa, mchukue aliye katikati.

Sababu inayotokea sana chini ya dalili hii ni kwamba kozi ilimalizika kwa cheti badala ya kitu kilichotengenezwa. Wiki tatu za mwisho ziwe za kazi ya mtu halisi: muuza duka wa Darajani anayeandika madeni kwenye daftari, mwenye nyumba ya wageni Nungwi anayechanganya nafasi zilizokwisha chukuliwa. Mwanafunzi azungumze naye, atengeneze kidogo, arudishiwe, arekebishe. Msimbo aupandishe kwa Git, programu inayohifadhi kila toleo la msimbo, tokea siku ya kwanza, ili baadaye awe na cha kuonesha. Mtahadharishe mapema kuhusu funguo za siri za huduma na nywila ndani ya msimbo. Ikipanda mara moja hadharani, kuifuta hakutoshi, historia inaihifadhi. Ufunguo ubadilishwe siku ile ile, na kama ni wa huduma ya malipo, mwenye huduma ajulishwe kabla ya kitu chengine chochote.

Sababu ya pili ni kwamba hukupima kwa wakati. Siku ya kumaliza kila mtu anajua. Pima baada ya miezi mitatu.

*Simama hapa:* mfadhili akikutaka uandike kwamba kozi imeongeza kipato cha vijana, usiandike kwa kulinganisha kabla na baada peke yake. Msimu wa watalii nao unaongeza kipato, na waliojitokeza kwako ni wenye bidii kuliko wenzao tokea mwanzo. Hapo anahitajika mtu wa takwimu, na anahitajika kabla ya kozi kuanza, ili apange kundi la kulinganishia. Akiitwa mwishoni hana la kufanya.

Kwa kazi ya miezi mitatu, mimi napiga simu. Baada ya Isha, wakati watu wamekwisha kula na simu ziko kwenye chaji. Siulizi kama kozi ilisaidia. Baada ya salamu na hali za nyumbani nasema: "Hebu nitumie kitu ulichokiandika mwezi huu, hata kama hakijakamilika." Wengine wanatuma dakika ile ile. Wengine wananyamaza kidogo, kisha wananieleza walipokwama, na hapo nafungua daftari la dalili ya pili.